Bandari i Wapi?

Swali lililonilazimu kuivunja hadithi yangu na kuijenga upya liliulizwa na ami yangu, usiku mmoja wa Ramadhani, barazani kwetu Kibokoni, Mombasa. Tarawehe ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimetandaza karatasi ya manila chini, pembe moja nimeikandamiza kwa dele la kahawa, ya pili kwa sahani ya tende, na mbili zilizobaki kwa ndara zangu. Juu yake nilikuwa nimechora dola zitakazokuwako mwaka 2390: Dunia kwa kijani, Mirihi kwa nyekundu, miezi ya Mshtarii (Jupita) kwa samawati, na mishale tele katikati kuonyesha nani amefungamana na nani, na nani amempelekea nani manowari. Ilikuwa kazi ya miezi minane, na nilikuwa naionea fahari.

Ami akavaa miwani, akainama. Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo Kilindini kwa miaka thelathini na minne, na mpaka leo kila karatasi huitazama kama inayoficha hesabu isiyotimia.

"Wachora nini, mwanangu?"

"Ramani ya dola, Ami. Za baada ya miaka mia tatu na zaidi. Hawa wekundu ni watu wa Mirihi. Wamefanya mkataba na hawa wa samawati wasitawaliwe tena na Dunia."

"Na vyombo vyao vyapita wapi?"

Nikamwonyesha mishale. Akaufuata mmoja kwa kidole, polepole, kutoka Dunia hadi Mirihi, akarudi nao mpaka alipoanzia.

"Sasa bandari i wapi?"

Nikamwambia hakuna bandari. Vyombo vyaondoka huku, vyafika kule. Akatikisa kichwa. "Chombo hakijiendei, mwanangu. Yuko aliyekifungua kamba. Yuko aliyekihesabia shehena. Yuko aliyekaa nje siku tisa akingojea zamu ya gati. Huyo umemuweka wapi?" Akamaliza kahawa yake, akakitua kikombe juu ya karatasi baina ya Dunia na Mirihi, akaingia ndani kulala. Kikombe kiliacha duara la hudhurungi. Sikulifuta. Ndipo mahali pa kwanza nilipopatia jina katika ramani mpya.

Nimefikiri sana kwa nini sikuiona bandari, mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka Bandari ya Kale. Nadhani ni kwa sababu hadithi za wakati ujao tulizokulia nazo zimesimuliwa kutoka ikulu. Kuna mfalme wa nyota, kuna baraza kuu, kuna majemadari, na dola ni mapande makubwa yanayogongana. Mwenye kuandika akiwa Mombasa ana kitu kingine mkononi. Mji huu haujapata kutawala dunia, lakini karibu kila aliyetaka kuitawala bahari hii aliutaka. Sisi twazijua dola kwa namna zinavyoingia mlangoni, zinavyoomba maji, na zinavyokataa kuondoka.

Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, hakupata makaribisho, akasonga mbele mpaka Malindi, na huko akapokewa vizuri. Malindi ndiyo kwanza ilikuwa inawaona Wareno. Mapenzi yangetoka wapi? Iliwapokea kwa sababu Mombasa, jirani mwenye kiburi na mwenye biashara kubwa zaidi, alikuwa upande wa pili. Wareno wakauchoma mji wetu mwaka 1505, wakarudi 1528, wakarudi tena 1589, na katika miaka iliyofuata ukoo wa wafalme wa Malindi ukahamia Mombasa na kukalia kiti cha hapa, huku ngome ya Fort Jesus ikijengwa kuanzia 1593. Siasa za Lisbon, Goa na Istanbul ziliingia pwani hii kwa kupitia ugomvi wa miji miwili ambayo leo ni mwendo wa saa mbili kwa matatu.

Basi jambo la kwanza nililolifuta ni ule ugomvi wa sayari kwa sayari. Nikaweka badala yake miji miwili inayotazamana juu ya Ganymede, mwezi mkubwa wa Mshtarii. Mmoja una barafu safi, mwingine una gati zuri. Wameoana, wanadaiana, wanatukanana kwa mashairi, na dola kubwa zinapenya humo kama maji yanavyopenya ufa. Msomaji asiyewajua watu wa miji hiyo miwili hataelewa kwa nini manowari za Dunia ziliwahi kufika huko.

Tena, watu wa pwani hatuna sababu ya kuona roketi ni habari za wenzetu. Kaskazini ya Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, yamesimama majukwaa ya chuma juu ya miguu yake, San Marco na Santa Rita. Waitaliano waliyaweka katika miaka ya 1960, na kutoka hapo zikarushwa roketi za Kimarekani za aina ya Scout, ya kwanza kubeba setilaiti Aprili 1967 na ya mwisho Machi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wakaiita Uhuru. Ilifanya kazi miaka miwili na zaidi, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kazi yake ndiyo iliyowasaidia wanasayansi kushuku kwamba Cygnus X-1, kimoja cha vyanzo vya miale hiyo, ni shimo jeusi. Neno la Kiswahili lilifika huko juu kabla mimi sijazaliwa, likitokea kwenye bahari ninayovua dagaa mimi na binamu zangu.

Kwa nini pale? Kwa sababu mbili ambazo mtoto wa darasa la nne anaweza kuelezwa akaelewa. Karibu na ikweta Dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, ikielekea mashariki, na roketi inayoondoka hapo hupata msukumo huo bure. Halafu upande wa mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vinavyoanguka haviangukii paa la mtu. Ufaransa ina kituo chake Kourou, Amerika ya Kusini, nyuzi tano tu juu ya ikweta, nacho pia kinatazama bahari mashariki. Mafuta yatakwisha, dola zitabadilika majina, lakini ikweta haihami. Yeyote atakayetaka kubeba mizigo mizito kwenda juu mwaka 2390 ataitafuta pwani kama yetu, na ataitafuta akiwa na haraka.

Hapo ndipo siasa zinapoanza, na si lazima kuzibuni zote. Desemba 1976 nchi kadhaa za ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia. Kenya ilikuwamo, na Uganda, Zaire, Indonesia, Ecuador. Zikatangaza kwamba ile njia ya angani iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ambapo setilaiti huonekana imesimama palepale usiku na mchana, ni mali ya asili ya nchi zilizo chini yake, na anayeweka chombo hapo aombe ruhusa. Mataifa makubwa yalikataa yakiushika mkataba wa 1967 unaosema anga za juu si milki ya nchi yoyote. Tangazo likabaki karatasi. Njia ile imejaa setilaiti, na hakuna anayelipa pango.

Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza niliinuka nikaenda kusimama dirishani. Ukanda. Pango. Mali iliyo juu ya vichwa vyetu ikizungumzwa na watu walioko mbali. Kila mtu wa Mombasa aliyekaa na wazee wake ameshaisikia hadithi hii, ila katika ile ya zamani ukanda ulikuwa ardhi: maili kumi kutoka pwani kwenda bara, milki ya Sultani wa Zanzibar kwenye makaratasi, iliyowekwa chini ya Waingereza mwaka 1895 kwa malipo ya pauni 11,000 kwa mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus mpaka 1963. Oktoba mwaka huo mapatano yakafanyika London, Sultani akauachilia ukanda uingie Kenya, na bibi yangu, aliyekuwa msichana wa kusuka ukili wakati ule, akayasikia redioni kwa jirani.

Watu wa pwani wenyewe hawakuwa kauli moja. Wako waliotaka Mwambao usimame peke yake, na wako, tena wengi, waliotaka kuwa ndani ya Kenya; nyumba zilikatika kati kwa mabishano hayo. Sidai kwamba mpaka ungepaswa kuchorwa vingine. Ninachokitazama ni meza: palikuwa na Uingereza, palikuwa na Zanzibar, palikuwa na Nairobi, na hapakuwa na kiti kilichoandikwa Mwambao. Bibi hakusema neno zuri wala baya juu ya mapatano yale. Alikuwa akisema tu, "Tuliambiwa." Neno hilo moja ndilo lililonipa kiini cha hadithi yangu. Katika mwaka 2390 wangu, ukanda ni ule wa angani, dola tatu zinaukodi kutoka kwa ukoo uliochoka ambao haujaukanyaga kwa vizazi vitatu, na watu elfu arobaini wanaoishi humo, wanaofunga na kufungua vyombo, wanapata habari za mkataba mpya kwa kuambiwa.

Sasa nije kwenye Mirihi, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo naona Mombasa ina la kuifunza ramani yoyote ya nyota.

Babu zetu waliishi kwa pepo mbili. Kaskazi, inayoanza kuvuma karibu na Desemba, ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi, inayoingia Aprili, iliyarudisha. Aliyechelewa upepo alikaa. Kukaa si jambo dogo. Anayekaa nusu mwaka anahitaji nyumba, mdhamini, mtu wa kumkopesha na mtu wa kumdai, na mara nyingi anaoa. Akiondoka anaacha mtoto, na mtoto ana wajomba. Mwaka unaofuata yule mfanyabiashara harudi tena kama mgeni. Anarudi kama shemeji, na shemeji hapigiwi mzinga hovyo. Ukiuliza mizizi ya nyumba nyingi za Mji wa Kale utafika kwa mtu aliyekuwa akingojea upepo.

Mirihi nayo ina msimu. Sayari hizi mbili hukaa mahali panapofaa kwa safari takriban kila baada ya miezi 26, na safari yenyewe kwa roketi za leo ni ya miezi sita hadi tisa. Ukikosa msimu, umekosa. Sauti nayo haifiki papo hapo: mwanga huchukua dakika tatu sayari zikiwa karibu, na dakika 22 zikiwa mbali kabisa. Hakuna simu ya kubishana. Unatuma maneno, unangoja, unajibiwa, na mambo yameshageuka. Nilipoziweka hesabu hizi karibu na kalenda ya majahazi niliona sihitaji kubuni desturi za watu wa Mirihi. Nilihitaji kukumbuka tu. Kutakuwa na nyumba za wageni wa msimu. Kutakuwa na ndoa za msimu na maneno makali juu ya ndoa hizo. Kutakuwa na wadhamini, na mdhamini atakuwa na nguvu kuliko balozi.

Na kutakuwa na maliwali. Wareno walipotolewa Mombasa mara ya mwisho mwaka 1729, Oman iliweka liwali wake hapa, na baadaye kazi hiyo ikashikwa na ukoo wa Mazrui. Katika miaka ya 1740 utawala wa Wayaarubi ukaanguka kule Oman, akatawala Ahmad bin Said al-Busaidi, ambaye mwenyewe alikuwa liwali wa Sohar. Habari zikafika Mombasa kwa jahazi. Muhammad bin Uthman al-Mazrui akakataa kumtii, na hoja yake, kwa masimulizi yaliyobaki, ilikuwa nyepesi: yule naye alikuwa liwali kama mimi. Wakatumwa watu wakamwua. Ndugu yake Ali akaitwaa tena ngome, na Wamazrui wakaushika mji mpaka 1837, karibu miaka mia moja, wakiitaja Maskati walipotaka na kuisahau walipotaka.

Hakuna tangazo la uhuru katika kisa hiki, hakuna wanamapinduzi. Kuna umbali, na kuna mtu aliyeona kwamba aliyemteua hayupo tena. Liwali wangu wa Mirihi anapata habari kwamba serikali iliyomtuma imepinduliwa; habari zina umri wa dakika kumi na nne. Aliyeipindua alikuwa msimamizi wa vituo vya Mwezini, mtu waliyesoma naye. Liwali anakaa kimya mpaka jua la Mirihi litue. Kisha anaamuru jambo dogo sana: kwamba kodi ya msimu ujao ihifadhiwe ghalani "mpaka mambo yatengenee". Nimeiandika sura hiyo mara sita. Msomaji wa kwanza niliyempa aliniuliza vita viko wapi. Nikamwambia ndivyo hivyo.

Kwa ajili ya sura hiyo nilikwenda Fort Jesus, Ngomeni kama wazee wetu walivyozoea kupaita, kutazama michoro waliyoiacha askari wa Kireno ukutani. Nilikuwa nimewahi kuipita nikiwa mtoto wa shule bila kusimama. Safari hii nilisimama nusu saa. Ni michoro ya mkaa na rangi nyekundu, na mingi ni meli. Meli, meli, meli juu ya meli, samaki, kanisa, watu wadogo. Mahali pengine kamba za mlingoti zimepigwa moja baada ya moja na mkono uliokuwa na wakati mwingi wa kupoteza. Sijui mchoraji aliitwa nani, lakini najua alichokuwa akikifanya: alikuwa akingojea chombo. Mtu wa Mirihi atachora vivyo hivyo, kwenye ukuta wa chumba cha hewa, kwa ukucha ikibidi.

Ngome hiyohiyo ndiyo iliyonivunja moyo wa kugawa dola kwa dini au kwa rangi. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ndani, maradhi yaliwamaliza Wareno mpaka ikafika wakati aliyeongoza ulinzi alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili, Mwislamu, pamoja na watu wake. Faza! Mji ambao Wareno hao hao waliuteketeza mwaka 1587, wakaua watu na kukata miti yake, kwa kuwa uliwaunga mkono Waturuki. Baada ya miaka mia na kitu, watu wa Faza wanakufa juu ya kuta za Mreno, wakimpiga Mwomani aliyeitwa kuja kuwakomboa. Kwa nini? Kwa sababu nje, pamoja na Mwomani, alikuwako Mpate, na Pate na Faza ni majirani wa kisiwa kimoja. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika hadithi yangu kuna kituo kilichochomwa na Dunia, na vitukuu vya waliochomwa ndio wanaoitetea Dunia mpaka mtu wa mwisho, na nimejitahidi msomaji afike hapo akiwaelewa.

Yuko pia Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani wa Mombasa, aliuawa kwa hila za Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa, akabatizwa, akapewa jina la Kireno, akafunzwa ubaharia na silaha, akarudishwa awe mfalme mwaminifu. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akaitwaa. Mwaka uliofuata aliuacha mji akaenda kuishi baharini, haramia kwa wengine na shujaa kwa wengine. Kila dola huchukua watoto wa mateka ikawasomesha, ikiamini shule yake ina nguvu kuliko kaburi la baba. Mhusika wangu mkuu ni msichana wa aina hiyo. Amelelewa Geneva. Anakijua Kifaransa kuliko lugha ya mama yake, na analiota gati.

Msaada wa mbali ndio ugonjwa wetu, na nauandika kwa uchungu. Tulimwita Mturuki dhidi ya Mreno. Tulimwita Mwomani dhidi ya Mreno. Pate ikamwita tena Mreno dhidi ya Mwomani. Lamu, baada ya kuwashinda Mombasa na Pate katika vita vya Shela mnamo 1812 hivi, ikamwita Seyyid Said, mtawala wa Oman, na Wamazrui walipobanwa naye wakapandisha bendera ya Uingereza mwaka 1824, ikateremshwa 1826 Waingereza wakaenda zao. Kila mgeni aliitwa kwa sababu nzuri. Wote waliohojiana wakati huo, hata Muyaka bin Haji kwa mashairi yake, walikuwa na akili timamu na wakiupenda mji.

Kilichodumu ni kingine, na hakikuandikwa London wala Maskati. Mombasa yenyewe ilikuwa ya Thenashara Taifa: Thelatha Taifa upande mmoja, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa upande wa pili. Waligombana kwa karne nyingi. Na kila upande ulikuwa na wenzake bara, katika Mijikenda: Wadigo na Thelatha Taifa, wengine na Tisa Taifa. Yalikuwa mapatano ya mahindi na nguo, ya mishale wakati wa vita, ya kupeana hifadhi wakati wa njaa. Hayakuwa ya usawa kila siku, na watu wa bara wana malalamiko yao ya haki juu ya watu wa mji, sitayafunika. Lakini dola nne za baharini zilikuja zikaondoka na mapatano hayo yakiwa hai, kwa sababu msingi wake ulikuwa chakula. Leo ukisimama Likoni saa kumi na mbili asubuhi, watu wanaoshuka kwenye feri kutoka Kusini ndio wanaoulisha na kuujenga mji huu bado.

Kwa hiyo dola ya nne katika ramani yangu haina manowari. Ni Thenashara nyingine: magati kumi na mawili ya ukanda wa angani, kila moja likiwa limefungamana na wakulima fulani wa chini, kwa jina, kwa ukoo. Gati la saba, lililo juu ya bahari yetu, limefungamana na Kwale. Dola tatu kubwa hazilihesabu jambo hilo kuwa siasa. Wanasheria wao wamelipita kwenye mkataba kama wanavyopita orodha ya vifaa vya jikoni.

Nilimpelekea Ami ramani mpya mwezi uliopita. Akaanza na duara la kahawa, akasoma jina nililoliandika ndani yake, akauliza gati linapokea vyombo vingapi kwa msimu, shehena ya nani inatangulia, na nani anashika funguo za maji. La funguo sikuwa na jibu. Nimeshinda wiki tatu nikilitafuta, na limenifungulia sura ninayoiandika sasa.

Katika sura hiyo wajumbe wa dola tatu wamekusanyika gati la saba kutia sahihi pango jipya la miaka tisini na tisa. Chombo cha mjumbe mkuu wa Dunia kimechelewa. Mjumbe wa Mirihi ameshafika, yule aliyeagiza kodi ikae ghalani, na msichana wa Geneva ameletwa awe shahidi wa sherehe. Hakuna kinachoweza kuanza. Siku ya pili wanaishiwa maneno ya adabu. Siku ya tano chakula cha kibalozi kinakwisha, kwa kuwa kilipimwa kwa siku tatu, na mwenye funguo za maji, mama mmoja mtu mzima ambaye ukoo wake umezishika tangu gati lijengwe, anawaambia waende jikoni kama wengine. Jikoni kuna magunia ya nazi za Kwale, yamehesabiwa na karani, yametiwa alama ya chaki. Wanakaa kwenye viti vifupi. Wanatazama mikono ya wenyeji. Msichana anaambiwa jina la nyanya yake na mtu aliyemjua.

Siku ya kumi na moja chombo hakijaonekana bado. Mjumbe wa Mirihi anakunja mikono ya kanzu, anauliza kama anaweza kupewa mbuzi akune. Mama anamsogezea.

Hapo ndipo nilipofika.